Slivu, baipasi au puto: upasuaji upi wa kupunguza uzito unakufaa

Wanaofikiria upasuaji huu huanza karibu wote na swali moja: upi unapunguza kilo nyingi zaidi? Jibu lipo, ila halisaidii sana kuchagua. Nchini Finland watu 240 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa slivu (kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) na wengine baipasi (chakula kupitishwa njia ya mkato hadi utumboni), kisha wakafuatiliwa miaka 10. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza kama asilimia 51 ya uzito wa ziada, waliofanyiwa slivu kama asilimia 44.

Tuziweke asilimia hizo kwenye mizani. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 165 na uzito wa kilo 118 ana BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 43. Kwa urefu huo, BMI ya 25 ni kilo 68, hivyo uzito wake wa ziada ni kilo 50. Kwa wastani wa Finland, miaka 10 baada ya upasuaji angekuwa amepungua kilo 25 kwa baipasi, au 22 kwa slivu. Mwaka wa kwanza angepungua zaidi ya hapo, kisha sehemu ya uzito ikarudi, na hilo hutokea kwa aina zote mbili.

Kilo tatu na kitu hazitoshi kuamua namna utumbo wako utakavyofanya kazi maisha yako yote. Yanayoamua ni mengine: kiungulia, kisukari, kama utaweza kumeza vidonge na kupima damu miaka yote, na umbali kutoka kwako hadi kwa daktari wa upasuaji usiku wa manane.

Nani anaingia kwenye hesabu

Kwa mwongozo wa kimataifa wa 2022, upasuaji unapendekezwa kwa mwenye BMI ya 35 na kuendelea, hata kama hana ugonjwa mwingine. Mwenye BMI kati ya 30 na 34.9 anaweza kufikiriwa akiwa na kisukari cha aina ya pili au maradhi mengine yanayoletwa na unene. Mwongozo wa zamani, wa 1991, ulitaka 40, au 35 yenye ugonjwa. Ziko hospitali na bima zinazofuata bado ule wa zamani, kwa hiyo uliza mapema unapimwa kwa upi.

Kinachokatwa na kinachounganishwa

Slivu ni kukata na kuondoa kama robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Daktari hupitisha mpira mdomoni hadi ndani ya mfuko, kisha anabana na kukata kando yake kwa stepla, akianzia sentimita chache kabla ya mlango wa kutokea. Kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi, unaochukua mililita 100 hadi 150. Utumbo mwembamba hauguswi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na kwa sababu hiyo hamu ya kula hushuka na si nafasi peke yake inayopungua. Kilichokatwa hakirudishwi.

Baipasi ya kawaida haiondoi kitu. Juu kabisa ya mfuko hutengwa kijifuko cha mililita 15 hadi 30. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha ya chini ikapandishwa na kuunganishwa na kijifuko hicho. Ncha ya juu, inayoleta nyongo na maji ya kongosho, huunganishwa tena na utumbo sentimita 100 hadi 150 chini zaidi. Chakula hupita njia yake, nyongo njia yake, na vinakutana huko chini. Mfuko mkubwa unabaki tumboni bila kupitiwa na chakula. Kuna viungio viwili, na nyuma yake mianya miwili. Mianya hiyo tutairudia.

Baipasi ya kiungio kimoja, ambayo wengine huiita baipasi ndogo, hutengeneza mrija mrefu wa mfuko na kuuunganisha moja kwa moja na utumbo, sentimita 150 hadi 200 kutoka ulipoanzia. Ni ya haraka zaidi, na kiungio kimoja kikipungua, mahali pa kuvuja napo panapungua. Lakini hapa nyongo inapita mbele ya mlango wa mfuko, na inaweza kupanda.

Zote tatu hufanywa siku hizi kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wengi huamshwa na kutembezwa siku ileile ili damu isigande miguuni.

Kiungulia kwanza

Tungeruhusiwa kumuuliza mtu swali moja tu kabla ya slivu, lingekuwa hili: unapata kiungulia mara ngapi kwa wiki, na unakunywa nini kukituliza?

Mrija wa slivu ni mwembamba na mlango wake wa chini umebaki kama ulivyokuwa, kwa hiyo msukumo ndani yake ni mkubwa. Pembe ya juu, pale umio unapoingia mfukoni, ambayo kwa kawaida husaidia kuzuia asidi isipande, nayo imeharibiwa na mkato. Asidi inayobaki ina njia moja rahisi, nayo ni ya juu. Kule Finland, baada ya miaka 10, asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu walikutwa na michubuko ya umio, dhidi ya asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi. Baipasi hutibu kiungulia kwa sababu kijifuko kidogo kinatengeneza asidi kidogo mno, na nyongo imepelekwa mbali.

Kwa hiyo usikubali slivu kabla ya kupimwa kwa kamera ya tumboni. Daktari anatafuta mambo matatu: henia ya juu ya mfuko iliyopenya kuelekea kifuani, michubuko ya umio, na ngozi ya umio iliyobadilika kwa kuunguzwa na asidi miaka mingi. Michubuko mikubwa au ngozi iliyobadilika ikionekana, slivu iondoke mezani. Henia ndogo inaweza kushonwa papo hapo. Katika kipimo hichohicho pimwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, *Helicobacter pylori*, maana wameenea sana Afrika Mashariki na kuwatibu kabla ya kukatwa ni rahisi. Baada ya baipasi ile sehemu kubwa ya mfuko haifikiwi tena na kamera ya kawaida, na hicho kidonda usichokitibu leo kitabaki mahali pasipoonekana.

Na ukishafanyiwa slivu, usingoje kuumwa. Ushauri wa kimataifa ni kurudi kwenye kamera baada ya mwaka mmoja, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa wapo ambao umio wao unaungua bila wao kuhisi chochote. Baipasi ya kiungio kimoja ina ratiba ileile, kwa sababu ya nyongo.

Kisukari

Baipasi ina nafasi nzuri zaidi, ila si kwa umbali ambao matangazo yanadai. Huko Cleveland, Marekani, watu 150 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi matatu: dawa peke yake, dawa na slivu, dawa na baipasi. Baada ya miaka mitano, waliofikia HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu) ya asilimia 6.0 au chini yake walikuwa 5 kwa mia kwa dawa peke yake, 23 kwa mia kwa slivu na 29 kwa mia kwa baipasi. Pengo kubwa liko kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa.

Umri wa ugonjwa nao una uzito wake. Mwenye kisukari cha miaka miwili anayetumia metfomini tu ana matumaini makubwa kuliko aliyepita miaka 10 na yuko kwenye insulini, kwa sababu kongosho la huyo wa pili limeshachoka. Kwa mtu wa namna hiyo lengo la haki ni kupunguza dozi. Kuahidiwa kuacha sindano kabisa ni kuuziwa ndoto.

Jambo linaloharibika mara nyingi hapa ni dogo: mtu anatoka hospitali na kuendelea na vidonge vyake vya zamani. Glibenklamaidi na insulini kwa dozi ya awali, huku chakula ni vikombe vichache vya supu, humwangusha mtu kwa sukari kushuka. Dozi ibadilishwe kabla hujatoka wodini. Metfomini huendelea kwa wengi, lakini baada ya baipasi itumike ile ya kawaida. Ile ya kuyeyuka polepole inaweza kupita utumbo uliofupishwa kabla haijafyonzwa yote.

Vidonge vya maisha

Aina zote zinadai multivitamini kila siku. Slivu ina huruma kidogo kwa sababu utumbo uko kamili. Baipasi inaruka duodeno, mwanzo wa utumbo mwembamba, pale madini chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi, na hapo hakuna kubahatisha:

- Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, kwa mafungu ya kama 500. Iliyozoeleka madukani ni kabonati, ambayo inataka asidi ili iyeyuke. Baada ya baipasi tafuta sitrati.
- Vitamini D, kwa kawaida IU 3,000 (kipimo kinachoandikwa kwenye chupa) kwa siku, hadi kiwango katika damu kitosheke.
- Madini chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi. Yaachane na kalsiamu kwa saa mbili au zaidi, yasigombanie njia, na usiyameze kwa chai.
- B12, sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Pengine hii ndiyo rahisi kuliko zote, maana hata zahanati inaweza kuichoma.

Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir aangalie saa: dawa hiyo imezwe saa mbili kabla ya kalsiamu au madini chuma, au saa sita baada yake, la sivyo madini yataishika isiingie mwilini. Mweleze daktari wa upasuaji kuhusu dawa hizo hata kama hajauliza.

Baipasi ya kiungio kimoja inapunguza kilo sawa na ile ya kawaida, lakini kwa mguu wa utumbo, yaani sehemu inayorukwa, wa sentimita 200 bei yake ni lishe. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2019, la watu 253, lilikuta hivyo: uzito sawa baada ya miaka miwili, lakini matatizo makubwa ya lishe yalitokea upande wa kiungio kimoja tu, pamoja na kuharisha choo cha mafuta. Ukiichagua, uliza utumbo utarukwa kwa sentimita ngapi. Mia na hamsini si sawa na mia mbili.

Kipimo cha damu kipo kwa aina zote: miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Kama huoni utakavyogharamia vipimo hivyo mwaka wa tano, slivu itakusamehe mengi ambayo baipasi haisamehi.

Kinachoharibika, na usiku upi

Tatizo kubwa la slivu huja mapema. Mstari wa stepla unaweza kuvuja, mara nyingi juu kabisa karibu na umio, ambapo damu ni chache na msukumo ni mkubwa. Ni kama mtu mmoja katika mia, lakini kidonda hicho ni kigumu kufunga na kinaweza kukulaza wiki nyingi. Dalili: mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika ukiwa umelala, homa, maumivu ya bega la kushoto. Yanaweza kutokea siku ya tatu, na yanaweza kutokea wiki ya tatu ukiwa nyumbani. Ndiyo sababu mtu anayesafiri India au Uturuki na kurudi ndani ya wiki moja anabeba hatari yake ndani ya ndege. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: nikivuja nikiwa nimesharudi Mombasa au Mwanza, nani anapokea na nani analipa?

Tatizo kubwa la baipasi linaweza kuchelewa miaka. Mtu akikonda, mafuta ya utando unaoshikilia utumbo nayo hupungua, na ile mianya miwili inapanuka. Utumbo unaweza kupenya humo na kujinyonga. Mgonjwa anapata maumivu makali ya juu ya tumbo, ya kuja na kuondoka, mara nyingi baada ya kula. Anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Eksirei inaweza kuonekana safi. Katika hospitali ya wilaya atapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, na utumbo unaweza kufa ndani ya saa chache. Mjamzito yuko hatarini zaidi, kwani mimba inasukuma utumbo juu. Kinga ya kwanza ni daktari kuishona mianya hiyo kwa uzi usioyeyuka wakati wa upasuaji wenyewe. Ya pili ni mgonjwa na ndugu zake kujua sentensi moja ya kumwambia daktari wa zamu: "Amefanyiwa baipasi, tunaomba picha ya CT na daktari wa upasuaji."

Hapo ndipo umbali unapoingia. Anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kufika panapostahili ndani ya saa moja au mbili. Aliye safari ya usiku mzima kutoka kwenye CT afikirie mara mbili kabla ya baipasi, hata kama ana kisukari.

Baipasi ina mambo mengine mawili. Moja ni vidonda kwenye kiungio cha juu. Huletwa hasa na sigara na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zile ambazo duka la dawa linakuuzia bila swali ukisema mgongo unauma. Baada ya baipasi ni parasetamo, basi. Anayehitaji diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, au asiyeweza kuacha sigara, achague slivu. Jingine ni kuporomoka kwa sukari tumboni: ukinywa juisi ya miwa, soda au chai ya sukari nyingi, inateremka utumboni ghafla, na ndani ya nusu saa unatoka jasho, moyo unakimbia, tumbo linasokota. Wapo wanaolishukuru jambo hili kwa kuwa linawafunza kuacha vitamu. Usilifanye sababu ya kuchagua, kwa maana wengine hawalipati kabisa.

Mawe ya nyongo huja kwa aina zote kwa sababu ya kukonda haraka. Baada ya baipasi, jiwe likishuka kwenye mrija wa nyongo, njia ya kawaida ya kulitoa kwa kamera haipitiki.

Na kwa aina yoyote: mtu akitapika siku kadhaa mfululizo, apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Dripu hiyo ikitangulia, inamaliza B1 kidogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kupata madhara ya ubongo yasiyorudi.

Puto, mkanda na vingine

Puto limezungumzwa sana Tanzania tangu Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ianze kuliweka. Si upasuaji. Linaingizwa kwa kamera na kujazwa maji ya chumvi mililita 400 hadi 700, mara nyingi yenye rangi ya bluu: ukiona mkojo umegeuka bluu au kijani, puto limepasuka na unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Aina nyingi hukaa miezi sita. Siku tatu hadi tano za kwanza ni za kutapika, na baadhi ya watu huomba litolewe. Linapunguza takriban asilimia 10 ya uzito wa mwili, na likitoka, uzito hurudi kwa wengi. Linamfaa mwenye BMI ya 30 na kitu, au mwenye BMI ya 55 anayehitaji kupungua kwanza ili upasuaji wa kweli uwe salama. Kwa aliye na BMI ya 42 anayetafuta suluhisho la kudumu, ni pesa ya miezi sita.

Mkanda wa mpira unaofungwa juu ya mfuko ulikuwa maarufu miaka ya 2000. Unateleza, unakula ukuta wa mfuko, na unahitaji kurekebishwa kwa sindano mara kwa mara. Wengi wameishia kutolewa. Tusingemshauri mtu auweke leo.

Kuna upasuaji unaoruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo, kwa wenye BMI ya zaidi ya 50. Unapunguza kilo kuliko zote na unatibu kisukari vizuri, lakini unaleta upungufu wa protini na wa vitamini A, D, E na K. Bila maabara inayoweza kupima vitamini A, usiuguse.

Sindano za semaglutaidi ni njia ya tatu kati ya lishe na kisu. Zinafanya kazi zikitumika; zikiachwa, sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Chakula, mimba, funga

Hapa tofauti ni ndogo. Wiki mbili vitu vya majimaji, wiki mbili vilivyopondwa, wiki mbili laini, kisha cha kawaida kwa kiasi kidogo. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku: mtindi, mayai, maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusaga ndani ya uji. Ugali mgumu, chapati, mkate laini na nyama choma ndivyo vinavyokwama. Maji yanywewe nusu saa baada ya kula, si pamoja na chakula.

Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, na ajue kwamba uzazi huamka mtu akikonda. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Ramadhani ya kwanza baada ya upasuaji wengi hushauriwa wasifunge, kwa sababu mtu anayekunywa kwa funda ndogondogo hawezi kufidia maji ya siku nzima kati ya futari na daku.

Tungechagua vipi

Huna kiungulia, kamera safi, unaishi mbali na mji mkubwa au unategemea dawa za maumivu: slivu. Una kiungulia cha kila siku au umio ulioungua, na uko karibu na hospitali yenye CT: baipasi ya kawaida. Kisukari chini ya miaka 10 na uko tayari kwa vidonge: baipasi, ingawa slivu si kosa. Baipasi ya kiungio kimoja tungeipa nafasi kwa daktari aliyeizoea, kwa mguu wa sentimita 150, na kwa mtu asiye na kiungulia.

Ukishachagua, dai nakala ya taarifa ya upasuaji kabla ya kuruhusiwa. Iandikwe aina ya upasuaji, unene wa mpira uliotumika, urefu wa kila mguu wa utumbo kwa sentimita, na kama mianya ilishonwa. Piga picha, hifadhi kwenye simu yako na ya mtu unayeishi naye. Daktari atakayekufungua miaka minane baadaye huenda hajawahi kukuona, na kovu la matundu madogo halimwambii kama ndani kuna slivu au baipasi.